Sarafu ya Siku Tisini

Jumanne jioni, nyuma ya kanisa la Shabab,
viti vya plastiki, birika la chai ya tangawizi.
Bi Jerono anaita jina langu na watu wanapiga makofi
kana kwamba nimejifungua.
Nasimama. Napokea kwa mkono mmoja.
Siku tisini, inasema sarafu. Nasema asante,
na hilo ndilo neno langu lote la jioni hiyo.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.
Na mnywaji je, akisifiwa?

Mimi ni fundi wa funguo, kibanda changu kiko kando ya soko la Wakulima,
chuma nakijua kwa uzito.
Hii si shaba. Ni bati lililopakwa rangi ya shaba;
ningeichonga kwa dakika mbili
na isingefungua hata kufuli la sanduku la mwanafunzi.
Naitupa kwenye droo na wenzake,
ile nyeupe ya siku moja, nyekundu ya thelathini,
ya sitini iliyoanza kubabuka,
zilale humo na funguo ambazo hazijachongwa,
funguo bubu, zenye kichwa na shingo
na hazina meno.

Ile orodha sijaiandika.
Bi Jerono alinipa daftari la kurasa tisini na sita
niwaandike niliowakosea, na nilichowakosea.
Ukurasa wa kwanza una bei za makufuli.
Mtu wa kumpigia simu usiku sijamchagua.
Wenzangu wakifumba macho wajikabidhi,
mimi nayakodoa, nahesabu misumari ya dari.
Ni mia moja na kumi na minne. Mmoja umeng'oka.

Lakini sijanywa. Hilo niandikieni.
Sijanywa kwenye matanga ya shemeji, mtungi ukipita magotini mwangu.
Sijanywa usiku ule mvua iliponikamata Kaptembwo,
mlango wa Nyaboke uko wazi, taa ya koroboi ndani,
na harufu ile, tamu, chachu, ikinishika kola.
Nilipita kwa kiburi tu,
kama mtu aliyeapa kutomsalimu jirani.
Na kama ni kiburi kilichonivusha,
yale makofi ni ya nani?

Wiki jana nilinunua maziwa, giza limeshaingia.
Muuza duka akaigeuza sarafu moja kwenye mwanga wa simu yake,
akanirudishia polepole:
"Hii haiingii hapa, fundi."
Nikaona haya, jasho la mtu aliyeshikwa na noti bandia,
ingawa mkono ulikuwa umeteleza tu mfukoni.

Halafu Omwoyo.
Miaka mitatu alikuwa ndiye anayetupangia viti.
Pasaka ikaja, akapotea, na hakuna aliyelitaja jina lake
ila kwa kuviacha viti kombokombo.
Jumanne hii kaingia, vifungo vya shati vimerukana,
na Bi Jerono alipouliza nani anataka kuanza
akatembea mpaka mbele, mbele kabisa,
akaipokea ile nyeupe kwa mikono miwili
kama mtu anayepewa kifaranga cha siku moja.
Hakusema kitu. Aliishika hivyo, viganja vimekutana,
mpaka chai yake ikafanya utando.
Bati lilelile. Nilitazama vizuri.
Ni bati lilelile.

Leo asubuhi nimefungua droo kumtafutia mteja ufunguo,
vidole vikakutana na siku zangu tisini.
Nimeiweka kwenye mashine, nikaiwasha,
jiwe likaimba,
nikaizima.
Chini ya bei za makufuli nimeandika jina moja:
Wangeci.
Nilichomkosea sijaandika.
Mteja alikuwa anangoja, na ufunguo wake
ulikuwa umevunjikia mlangoni.