Ile Pumzi

Łódź, ghorofa ya tatu. Theluji dirishani.
Zbylut kavaa hedifoni: anamsikia mpiga selo
akivuta pumzi kabla upinde haujagusa nyuzi,
kiti kikilia chini yake, kidole kikiteleza.
Spika mbili za mbao, urithi wa baba,
zimenuna pembeni kama wakwe waliokosewa.
Halszka hulala mchana; usiku ni wa wodini.

Leo kaamka mapema, kamkuta machozi yanamtoka.
“Unalia nini, mbona mimi sisikii kitu?”

Hakujibu. Akachomoa waya.
Selo ikaingia chumbani kwa miguu yake,
ikatikisa vijiko kabatini,
ikaiacha ile pumzi njiani.
Halszka akakaa sakafuni, soksi moja mguuni.

Jirani akagonga ukuta, mara mbili.
Kisha, ngoja,
akazima televisheni yake.