Goti la Kushoto

Babu Kuruvila alitanguliza goti la kushoto;
la kulia lilikuwa na chuma tangu aanguke barabara ya Pala.
Akamwita Mungu
kwa sauti ya mtu anayedai deni kwa jirani.

Saa kumi usiku, taa kichwani, kisu kiunoni,
akaenda kugema mipira, miti mia tatu na arobaini,
kila mti na Salamu Maria yake,
utomvu ukidondoka kifuuni, mweupe, bila haraka.

Jioni wali ulipoa. Tulisubiri sala iishe.
Baba mdogo Varki alisinzia, akamwagiwa maji ya kunawa:
“Mungu hakusinzia alipokuumba!”
Tukacheka viganjani. Yeye hakucheka.
Nadhani alicheka.

Hakuwa mtakatifu. Miaka kumi na mmoja
hakusema na shangazi Rosamma, aliyeolewa nje ya kanisa.
Lakini kila msimu, Jumamosi,
fenesi lilikutwa mlangoni kwa Rosamma,
na hakuna aliyelileta.

Alikufa Juni, mvua ikikataza kugema.
Wajukuu wa Kuwait na Toronto walimzika kwa simu;
picha ikaganda padri akinyunyiza maji ya baraka,
tone likasimama hewani.

Rosamma alikuja. Hakulia.
Alimvua baba yake miwani, akaipangusa kwa ncha ya sari,
akamvisha tena:
“Utamwonaje huyo uliyemsumbua miaka yote?”

Sasa jioni wali hupoa vilevile.
Tunatazamana.
Hakuna anayejua nani aanze.