Fedha za Jokofu

Hilkka wa ngazi C, ghorofa ya nne,
alikuwa na fedha za jokofu.
Akanunua baiskeli ya umeme, ya kijani,
na maziwa yake tangu Mei
yanalala kwenye jokofu langu,
jina limeandikwa kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi ya Septemba, saa tisa mchana,
tukatoka Helsinki kama watu waendao dukani:
birika, blanketi, mkate mweusi, soseji nne,
na mto wa kitandani aliokataa kuuacha.
"Nina miaka sabini na moja," akasema,
"shingo yangu haina uzalendo tena."

Tulipita nyuma ya kiwanda cha rangi,
chini ya daraja la treni, kando ya uwanja
ambako watoto waligombania mpira,
na mji haukuisha, ulipungua tu,
duka moja, taa moja, kituo kimoja cha basi,
mpaka tukagundua kwamba
kinachotufuata ni misonobari.

Kilima cha kwanza nilikisubiri kwa hofu.
Nyonga yake ya kushoto ni ya chuma.
Hilkka akabonyeza kitufe mara mbili,
mota ikanong'ona, naye akapanda
ameketi wima kama mtu aletewaye chai,
akampita kijana wa suruali ya kubana
aliyekuwa akihema juu ya baiskeli isiyo na mota.
"Pole," akamwambia.
Hakuwa na pole yoyote.

Marehemu baba yangu angesema: huo ni mteremko.
Na mteremko, kwake, lilikuwa neno la wezi.
Nami, miguu ikizunguka bila kudai kitu,
nilijikuta natafuta maumivu
kama abiria anayejipapasa mifukoni, akitafuta tiketi,
mbele ya mkaguzi ambaye hayupo.

Kilomita thelathini na moja. Basi.
Kibanda cha magogo chenye kuta tatu,
ukuta wa nne ni ziwa.
Kuni zimepangwa bandani, kavu,
shoka limefungwa kwa mnyororo kama mbwa mwema.
Soseji moja iliangukia majivuni.
Ndiyo tuliyoila kwanza.

Giza liliingia likiomba radhi.
Nyuma ya miti mji ulikuwa bado unawaka,
doa la chungwa mawinguni, karibu mno,
hata Hilkka akanuna: "Si wazime!"
Korongo walipita juu, hatukuwaona,
sauti tu, kama milango ya zamani.

Saa nne baridi ikauma.
Nikakumbuka kijitabu cha maelekezo:
betri isiachwe kwenye baridi.
Tukazichomoa, kila mtu na yake,
tukaziingiza kwenye mifuko ya kulalia.
Nzito kidogo, pembe za mviringo,
ukubwa wa mtoto wa wiki moja.

Hilkka akanyamaza.
Kisha: "Mara ya mwisho kulala nimekumbatia kitu
ilikuwa chupa ya maji ya moto, hospitali."
Akacheka, kicheko kikakatika njiani,
na gizani nikamsikia
akiipigapiga betri mgongoni,
polepole, kama amcheulishaye mtoto.

Sikuuliza.
Miaka tisa tumepishana kwenye ngazi zile zile.
Najua jina la daktari wake wa macho.
Sijui kama aliwahi kuzaa.

Asubuhi umande ulikuwa umegeuka chumvi majanini.
Kahawa ikachemka, ikamwagikia moto,
nusu yake tukanywa, nusu tukanusa.
Akasoma kioo cha baiskeli kwa miwani ya kushonea:
"Asilimia hamsini na nne. Inatosha."
Nyumbani tulikuwa na zamu ya sauna saa kumi na moja,
nguo za kufua, Jumatatu mlangoni.

Kwenye kilima kile kile, sasa tukishuka,
alizima mota na hakugusa breki.
Mto wa kitandani ulipepea nyuma yake.
"Huu," akapiga kelele, "huu ni mteremko halali!"
sijui akimjibu nani,
maana habari za baba sikumwambia.

Taa nyekundu ya kwanza ya mji ikatusimamisha.
Akafuta pua kwa glavu.
"Jokofu lisubiri mwakani.
Maziwa yangu yanakusumbua?"

Taa ikawa kijani.
Hayanisumbui, nilisema,
lakini alikuwa ameshabonyeza kitufe.