Fulana Kumi na Tano

Walikuja watatu, theluji ingali viatuni:
mwalimu Tsiala na daftari lake la hesabu,
Ucha, mrefu kuliko mlango wangu,
na Nutsa aliyeziba pua, maana wino una harufu.
"Darasa la kumi na mbili," akasema mwalimu,
"watoto kumi na wanne. Mwezi wa tano kengele ya mwisho.
Tunataka fulana nyeupe. Tuambie njia iliyo rahisi."

Nyeupe! Hapa Chiatura,
ambako nguo ikianikwa
vumbi la manganisi hufika kabla ya jua.
Nilimeza neno langu. Mteja ni mteja.

Nikawatandikia vielelezo mezani.

Hii ni vinili. Naikata kwa mashine, naibandika kwa pasi ya moto,
kila mtoto na jina lake mgongoni.
Inang'aa, sikatai. Ila baridi mbili za kufuliwa
na pembe zitaanza kunyanyuka, herufi moja moja,
Bondo abaki Bon.

Hii ni ya mashine inayonyunyiza.
Nileteeni picha yenu mkiwa ngazini
nitawapa meno, vifungo, hata paka wa shule.
Pamba huinywa rangi.
Sabuni nayo huinywa, taratibu,
na mkifika miaka ishirini na miwili mtakuwa mizuka.

Hii ya mvuke tuiache. Inataka poliesta;
ukiipa pamba inakuangalia tu.

Na hii...
nikasita, maana hii ni ya baba,
aliyewachapia wa mgodini mabango:
VAA KOFIA, NYUMBANI UNANGOJWA.
Fremu, kitambaa chembamba, mpira wa kusukumia wino.
Rangi moja fremu moja, rangi nne fremu nne,
na kuitayarisha ni jasho lilelile
kwa fulana kumi au elfu.
Kwenu hesabu haikai.
Lakini wino wake huingia kwenye uzi na kutulia
kama mgeni aliyeoa humohumo.

Mwalimu akajumlisha, akafuta, akajumlisha.

Ndipo Ucha akafungua kinywa mara ya kwanza:
"Si kumi na wanne. Ni kumi na watano."

Gvantsa aliondoka Februari.
Mama yake analea bibi wa watu huko Bari,
anamlisha, anamgeuza kitandani.
Dawati la mtoto bado lipo.
Wanaliwekea makoti.

"Hayumo kwenye orodha," akasema mwalimu,
kama anayesoma orodha iliyoandikwa na mwingine.
"Yumo," akasema Nutsa,
mkono umeshatoka puani.

Rangi moja, basi. Nyeusi.
Nikawapa karatasi angavu na kalamu,
kila mmoja aandike jina kwa mkono wake.
Bondo akajaza nusu ya karatasi, ikabidi nimpunguze.
La Gvantsa lilikuja kwa simu,
limeandikwa nyuma ya risiti ya duka la dawa,
na nilipoimulika fremu
bei nayo ikapenya, kinyumenyume, chini ya jina:
euro nne na senti tisini.
Ningeweza kuiziba. Nilishika brashi,
nikaiweka.

Nilitoza chini ya gharama.
Mke wangu asisome mstari huu.

Kengele ilipolia nilikuwa dukani, nakunja maboksi.
Walipita barabarani wakipiga kelele,
weupe kwa dakika zile chache.
Fulana ya kumi na tano ilikwenda kwa posta,
na stempu ikaishinda kwa bei.

Jumatatu mwokaji akaagiza aproni thelathini,
na fremu ya ukubwa ule ninayo moja tu.
Nikaipaka dawa, nikaifungulia maji.
Majina yakalegea, yakashuka bombani
kuelekea mto Kvirila, mweusi tangu asubuhi.
Bondo aliondoka wa kwanza, kwa ukubwa wake.
Ile bei ndiyo iliyogoma.
Nikaisugua mara tatu,
na hata sasa, ukiziinua aproni za mwokaji dirishani,
kwenye pindo utaona kitu kama tisa, kama sifuri.