Hatua Arobaini

Siku tisa tumeutembea mto Tarrawin,
kutoka kwenye kuta za mlima hadi chumvi ya bahari:
mimi, Lyndall, daftari lenye jalada la mpira,
na fimbo ya kupimia iliyopinda siku ya pili.
Hatukuja kuutibu. Tulikuja kuuliza:
wewe ni nani hapa? Na hapa? Na pale penye kona?

Maana mto mmoja una tabia nyingi,
kama ukoo: damu moja, hasira mbalimbali.
Juu, kati ya majabali, hauendi utakako,
unateremka ukigonga magoti,
na gharika la miaka mia haliuhamishi hata shubiri.
Niliandika: Umebanwa. Mzima. Uacheni.

Chini ya Daraja la Mbao bonde linafunguka,
mto unapata nafasi ya kubadili kauli,
leo kushoto, kesho kulia,
unaula ukingo huu, unautapikia ule.
Wakulima wanauita mwendawazimu.
Si wazimu. Ndivyo ulivyozaliwa kutembea.
Mhandisi mmoja aliunyoosha mwaka wa hamsini na sita,
akapanda mierebi safu kwa safu, kama gwaride;
mto ukangoja miaka kumi na mitano,
ukaimeza yote usiku mmoja wa Juni.

Kwa Verna Tranter ndiko kila mtu anakotupeleka kwanza.
Mchanga upana wa viwanja vitatu vya mpira,
maji membamba yanayotia aibu,
na uzio wa marehemu Clarrie ukining'inia hewani,
nguzo zake zikitafuta ardhi iliyokuwapo.
"Leteni tingatinga," alisema, akitumiminia chai nzito.
"Mmekwisha pima vya kutosha."
Sikuwa na jibu ambalo lingeingia kikombeni.

Lakini ramani ya 1861, ya wapima ardhi waliokuja kwa farasi,
haina mto shambani kwa Verna.
Ina vidimbwi saba, na neno moja: kinamasi.
Kuna mtu aliburuta jembe la ng'ombe pale,
mfereji mmoja tu, mwembamba, malisho yapate kukauka,
na maji, ambayo hufuata mkondo, yakaufuata,
yakauchimba mita sita,
yakapanda bonde yakiuma ardhi kinyumenyume,
na kila yalichokiuma juu
kikaja kulala mlangoni kwa jirani wa chini.

Siku ya nane, juu kabisa, tulikikuta:
kinamasi kimoja ambacho jembe lilikisahau.
Lyndall alivua viatu. Alisema bibi yake
alivua mikunga kwenye maji kama haya, kabla ya nyaya,
na hakusema zaidi, nami sikumwuliza.
Ukikanyaga, ardhi inatikisika mbali nawe, kama godoro.
Kisha tukasikia maji yakidondoka.
Ukuta wa udongo, kimo cha mtu na nusu,
mbichi, ukimeguka tukiutazama.
Nikapima kutoka ukutani hadi nyasi za kwanza.
Hatua arobaini.
Nikapima tena. Arobaini.

Fedha tulizonazo zinatosha mahali pamoja.
Tutapanga mawe hapa, ambapo hakuna anayepiga kelele.

Nilirudi kwa Verna kumwambia. Aliniacha nimalize.
"Kwa hiyo mgonjwa mnamwacha, mnamtibu aliye mzima."
"Tunamfungia mwizi mlango kabla hajaingia," nilisema,
na maneno yalinuka kama methali ya kununua.

Hakunijibu. Alinipeleka ukingoni,
akanionyesha kwa kidole chenye sugu
matete, mashina kumi na moja, kwenye ulimi wa mchanga,
yameota yenyewe tangu alipouza ng'ombe.
"Haya yana maana gani kwenye daftari lako?"

Nilichuchumaa. Tope, unene wa ukucha,
limeshikwa katikati ya mashina.
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika tena:
Umeanza wenyewe. Usisaidiwe. Uzio tu.

Alisoma akiwa begani mwangu, akacheka kidogo,
akaenda kutafuta nyundo.