Magugu

Msuku hutaka mteremko wa mawe,
udongo mwembamba ambao mahindi yangeukataa.
Matete hutaka mguu mmoja ndani ya Kafubu.
Chikanda hujificha bondeni, kwenye nyasi zenye maji,
na uyoga, mvua ya kwanza ikishalainisha kichuguu,
huchomoza kwa usiku mmoja, mweupe,
kama mwenye deni aliyeahidi kulipa alfajiri.

Baba ndiye aliyenifundisha haya.
Miaka kumi na minane aliwabebea wapima ardhi mifuko ya mchanga,
akarudi na mgongo mbovu
na maarifa ambayo hakuna aliyemlipa.
"Kila kinachoota," alisema akimega bukari, "kina mlango wake.
Usikiulize kwa nini hakiingii kwa jirani."

Kiwanja alichotuachia kiko Ruashi, nyuma ya shule ya chokaa.
Kona yake ya kaskazini ilikuwa haioti kitu.
Mama alipanda lengalenga, zikatoka njano, zikafa.
Akapanda matembele, yakasinyaa kama masikio ya mbwa mgonjwa.
Akaagiza samadi ya kuku kutoka Katuba, magunia mawili,
juu ya baiskeli ya muuza makala,
na samadi nayo ikamezwa bure.

Kisha Aprili, mvua zikiaga,
pale pale
kikasimama kimmea cha shubiri moja na nusu,
shina la pembe nne, ua la zambarau lisilo na makuu.
Hakuna aliyelipanda.
Hakuna aliyelimwagilia hata kikombe.

Nilifurahi. Nilikuwa na miaka tisa.
Mama alilitazama kama mtu anayesoma barua ya mahakama.

Kwa maana Baba alimwambia na yeye:
hili hupenda shaba.
Nyasi zote zinapokimbia, hapo ndipo kwao,
hunywa ile sumu kwa utulivu
kama sisi tunavyokunywa munkoyo kivulini.
Wapima ardhi wakiliona huchomeka kibendera.
Na laiti wangekuwa wapima ardhi tu.
Kwa akina Musompo walikuja vijana wanne na koleo,
wakasema wanachimba kisima.
Miezi mitatu baadaye nyumba haikuwa na sakafu,
shimo lilikuwa limepita chini ya kitanda cha bibi harusi,
na mbuzi wao tulimsikia akilia chini ya barabara
siku mbili.

Basi kila Aprili, kabla ya jogoo wa Mama Ngoie,
Mama alitoka na kitenge mabegani,
akayang'oa maua moja moja, mizizi na yote,
akasawazisha udongo kwa kiganja
kama anayemfunika mtoto asiamke.
Mwaka wa kwanza saba.
Mwaka wa pili kumi na tisa.
Mbegu zake ni vumbi tupu:
ukilitikisa ulifiche, umeshapanda.

Mwaka wa tatu hatukuhesabu.
Aliyakausha chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa unga,
na jioni moja, umeme umekatika mtaa mzima,
akayamimina juu ya mbabula.
Makala yalikuwa mekundu, ya kawaida.
Halafu ukingoni mwa mwali
ikapita rangi ya kijani, nyembamba, haraka,
kijani cha bomba la zamani linalovuja.
Ikapita tena.
Kaka yangu akafungua mdomo, Mama akamkanyaga mguu.

Juu ya ua wa mabati kikatokeza kichwa cha Kyungu,
yeye ambaye hununua vyuma chakavu na hulala macho wazi.
"Mnachoma nini huko, mbona moto una rangi?"

"Magugu," Mama akasema, akikoroga bukari.

"Magugu gani?"

Mwiko ukazunguka mara mbili, ukagonga ukingo wa chungu.

"Ya hapa hapa."