Hesabu za Nyabyeya

Kazi yangu ni kuosha mavi ya sokwe.
Nasema wazi, maana mama mkwe
akiulizwa kanisani hujibu: "Yupo serikalini."

Alfajiri nashuka kijitoni na chekeche.
Kila kifuko kina tarehe na jina la mwenyewe.
Cha leo ni cha Kasaija, dume la kiganja kimoja;
cha pili kilibaki mtegoni, mpakani mwa miwa,
mtego wa nguruwe, si wake.

Namimina maji. Harufu inapanda,
inakaa kitako, inazoeleka.
Kinachobaki nakiokota kwa kibano:
mbegu za mkuyu, mia nne na kumi na tatu,
ndogo hata punje ya ulezi ni jitu kwao,
na jani moja la kukwaruza, limemezwa zima.
Dawa ya minyoo, asema Byarugaba,
na hakuna aliyemwandikia cheti.

Mkuyu hauna miguu, basi huwalipa wenye miguu.
Hulipa kwa utamu, papo hapo, bila mkopo.
Lakini kabla ya utamu alipita nyigu,
mwembamba kama nukta ya kalamu,
akajipenyeza katika tundu lililomng'oa mabawa,
akaacha chavua, akataga, akafia mlemle.
Sasa nikila kuyu natafuna polepole.
Sijui nala chumba cha uzazi
au nala matanga.

Dundu wananisubiri nimalize.
Nikichelewa kidogo wanauvingirisha ushahidi,
wanauzika mbali, na huko mbegu inaota
mahali ambapo si mimi wala Kasaija
tungepachagua.

Jumanne Byarugaba alileta ule waya,
ameukata kwenye shina la mti.
Aliuweka mezani, karibu na chai yangu.
Niliujua kabla sijaugusa:
breki ya nyuma ya baiskeli yangu,
ile niliyomuuzia shemeji Tibenda
kwa shilingi elfu tatu, mwezi wa njaa,
nguruwe walipotumalizia mihogo
mistari saba kwa usiku mmoja.
Zile elfu tatu tulinunulia chumvi na sabuni.
Sabuni hiyo nadhani ndiyo nilinawia
baada ya kumhesabu Kasaija,
alipokuwa bado na viganja viwili.

Sikumwambia Byarugaba. Nilikunywa chai.

Mbegu nilitakiwa kuzitupa shimoni.
Nilizimwaga kwenye gogo la mvule lililooza,
lenye uyoga masikioni na siafu tumboni.
Labda moja itashika. Labda hakuna.
Ndege wangefanya kazi hiyo vizuri zaidi,
na wasingehitaji kujisikia wema.

Daftari letu lina safu ya mbegu,
safu ya majani, safu ya wadudu.
Safu ya waya haimo.
Nimeichora pembeni, kwa penseli, imepinda kidogo,
na chini yake nimeandika: moja.